saveRDS: nimeitukana, kisha nimeirudia

Nyota mbili. Naandika hasira ikiwa bado kooni.

Faili la takwimu za samaki lilihifadhiwa kwa saveRDS, amri ya kuhifadhi data katika R (lugha ya kompyuta ya takwimu), kwenye laptopu yenye R mpya, likaenda kwa flashi hadi kompyuta ya ofisi moja hapa Malindi ambayo bado ina R 3.4. readRDS, amri ya kulifungua, ikagoma. Kugoma ningevumilia, kilichoniudhi ni maneno yake: eti faili ni la toleo la 3 la umbo la kuhifadhia, na linataka R 3.5.0 au mpya zaidi. Toleo hilo lilikuja na R 3.5.0 mwaka 2018, na tangu R 3.6.0 ndilo linalotumika usipotaja jingine. Kizee anamkana mjukuu kwa kuwa alizaliwa yeye akiwa amelala!

Nikamuuliza fundi wa hapo. Bila hata kuinua macho kwenye simu: "Badilisha jina liwe csv." Bwana we! CSV ni maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mikato; ndani ya hili mna baiti zilizobanwa kwa gzip. Hilo ni kulipaka jahazi rangi ukadai ni spidiboti.

Dawa ni kipande kimoja tu, na huwekwa na anayehifadhi, si anayefungua:

saveRDS(samaki, "samaki.rds", version = 2)

Gharama ipo. Toleo la 3 huandika 1:1000000 (namba moja hadi milioni) kwa ufupi: urefu, namba ya kwanza na hatua, baiti mia na ushei basi. Toleo la 2 huiandika namba moja moja, baiti nne nne, yaani baiti milioni nne kabla ya kubanwa. Kwa uzani wa samaki hilo halikuhusu. Hizo ni desimali za baiti nane zisizo na mfululizo wa kufupisha.

Kwa hasira nikahamia writeBin, amri ya R inayoandika baiti tupu, nisome kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta. Afadhali ningetulia. Kwenye namba kamili, R haina alama ya pembeni ya kuonyesha pengo: NA yenyewe ni namba ndogo kuliko zote, -2147483648. R ikiiona inajua hapa hapakujazwa. Python ikazisoma baiti zilezile kama hesabu halali, na kapu la tafi ambalo halikuhesabiwa likawa na samaki hasi bilioni mbili. Jumla ya siku nzima ikazama.

CSV nayo? write.csv hukomea tarakimu 15, ilhali desimali ya baiti nane huweza kutaka 17 ndipo irudi vilevile. (Mizani ya mnadani haijui hata ya nne, lakini ukilinganisha mafaili mawili kwa identical() utajibiwa FALSE na utahangaika usiku kucha.)

saveRDS hairuki pengo wala haipunguzi tarakimu, na mpangilio wa baiti zake ni mmoja hata mashine zikitofautiana. Haya, nyota nne. Fundi simpi hata nusu.