Soketi ya umeme nyuma ya pikapu: inveta, waya na fyuzi ninazozikubali

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tuko na Hilux ya dizeli, dabo kebini, na kazi yetu ni ile mnayoniulizia kila siku: kuweka soketi ya umeme kwenye bodi la nyuma. Fundi aluminiamu anataka achomeke grainda akiwa saiti ambako umeme bado haujafika. Daktari wa mifugo anataka friji ya chanjo iwake njia nzima mpaka kijijini. Mwingine anataka tu kujaza upepo kwenye tairi bila kuburuta pampu hadi mbele ya gari. Hapa nyuma nimefunga njia mbili, moja ya volti 12 na moja ya volti 230, ile ya pini tatu kama ya nyumbani. Nitawaonyesha zote, niwaambie ipi inamfaa nani, na nitataja wazi kitu ambacho hela yangu hainunui.

Tuanze na hicho hicho nisichokinunua. Dukani mtaonyeshwa inveta ndogo, yaani kile kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230, ubavuni imeandikwa wati 3000, bei ya kuvutia kabisa. Ndani ya boksi kuna nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, mwishoni zina vile vibanio vya meno vya kushikia betri. Nashika waya huu hapa, sogezeni macho: plastiki ni nene, lakini ukiukata, shaba ya ndani haifiki milimita 6 za mraba, na ndicho kipimo cha waya ninachotaja leo nzima. Sasa pigeni hesabu na mimi. Wati 3000 gawanya kwa volti 12, unapata ampea 250, na hapo hujahesabu upotevu wa inveta yenyewe. Ampea 250 kwenye waya huu! Kabla hujamaliza kukata bomba moja, waya umeshakuwa pasi. Kwa hiyo aliyefungasha boksi hili anajua fika kwamba mashine yake haitoi wati 3000. Waya aliokuwekea unakwambia ukweli ambao lebo imeuficha.

Linganisheni na kampuni inayoandika vipimo vyake kwa uwazi. Victron wana inveta yao ya Phoenix, ile ya 12/1200. Namba 1200 hapo ni VA, yaani volti mara ampea, siyo wati za kazi, wala hawakufichi: kwenye karatasi ya vipimo wameandika wati 1000 kwenye nyuzijoto 25, na wati 850 kwenye nyuzijoto 40. Kwa sekunde chache za kuanzia inafika wati 2200. Hiyo namba ya nyuzijoto 40 ndiyo yetu. Gari limeegeshwa juani Dodoma au Kahama mchana, vioo vimefungwa, ndani kuna zaidi ya hapo. Ukinunua inveta, tafuta namba ya kazi ya kudumu kwenye joto, siyo namba kubwa ya kwenye boksi. Kama karatasi haina hiyo namba, mimi narudisha rafuni.

Jambo la pili kwenye inveta ni aina ya wimbi la umeme inaotoa. Kuna zinazotoa wimbi safi kama la Tanesco, na kuna zinazotoa wimbi la ngazi ngazi. Hizi za ngazi ni rahisi kwa bei, na taa au pasi ya kuchomelea risasi haitalalamika. Lakini mota inanguruma na kupata joto kuliko kawaida, drili zenye kubadilisha mwendo kwa kidole zinasumbua, na chaja za betri za vifaa vya kazi nyingine zinaungua kabisa. Halafu kuna kitu kinachowachanganya mafundi: ukipima wimbi la ngazi kwa mita ya kawaida ya bei nafuu, inaweza kusoma 180 au 190, ukadhani inveta ni mbovu. Mita ile imetengenezwa kusoma wimbi safi tu. Kwa yeyote mwenye grainda, friji au chaja, mimi nasema wimbi safi, na hapo sibembelezi.

Haya, tuje kwenye waya, maana kazi nzima iko hapa. Soketi ya nyuma ni ya mwisho kufikiriwa. Kinachoamua kama grainda itazunguka ni shaba iliyopo kati ya betri na inveta. Hilux hii betri iko mbele, kwenye injini. Kutoka pale mpaka kwenye bodi, kwa kufuata chasisi, ni karibu mita 5, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Grainda ndogo ya wati 700 kupitia inveta inavuta karibu ampea 70 kwenye upande wa volti 12. Ukitumia waya wa milimita 6, unapoteza karibu volti 2 njiani. Betri ikiwa imeshuka kwenye 11.8 kwa mzigo, inveta inapata chini ya 10. Nyingi zinajizima zikifika 10.5 au karibu na hapo. Ndiyo ile mnaniandikia: "Kaka, nimefunga inveta mpya, nikibonyeza grainda inapiga kelele halafu inazima." Inveta yako ni nzima. Imenyimwa umeme.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kupeleka waya mnene sana hadi nyuma, gharama ipande. Ya pili, ambayo ndiyo nimefanya hapa, ni kuiweka inveta karibu na betri halafu kupeleka volti 230 nyuma. Wati 1000 kwenye volti 230 ni ampea 4 na kidogo tu. Hiyo inapita kwenye kebo laini ya nyaya tatu ya 1.5 bila wasiwasi. Kwa hiyo kebo nene iwe fupi, nyembamba ndiyo iwe ndefu.

Msiiweke inveta kwenye injini, kule kuna joto, maji na mafuta. Hii yangu iko chini ya siti ya nyuma, imesimama juu ya kibao, feni yake ina nafasi ya kupumua pande zote. Kutoka betri mpaka hapa ni mita 3. Nimetumia kebo ya kuchomelea ya milimita 35, ile laini yenye nyuzi nyingi. Mafundi wa kuchomelea wanaijua, Dar utaipata Gerezani na Kariakoo, Nairobi pita Kirinyaga Road. Upotevu kwa ampea 70 ni kama robo volti tu. Ncha zake zina lagi za shaba, vile vichwa vyenye tundu la bolti, zilizobanwa kwa mashine ya kubania. Nasisitiza mashine, maana kuna fundi anabana kwa nyundo na patasi. Lagi iliyobanwa kwa nyundo ukiivuta kwa nguvu inachomoka, na isipochomoka leo, italegea barabara ya makorongo.

Angalieni mita sasa. Injini imezimwa, betri inasoma 12.6. Nawasha grainda... mnaona, kwenye betri imeshuka mpaka 11.8, kwenye inveta 11.6. Inakata, haipigi kelele. Sasa nawasha injini, tunarudia. Betri 13.4, inveta 13.2. Hapa unaweza kufanya kazi. Ila injini ikiwa silensa tu, bila kukanyagiwa mafuta, alteneta, ile jenereta ya gari, haitoi ampea zake zote, kwa hiyo ukikata kwa muda mrefu bado betri inachangia. Pumzisha grainda, acha alteneta irudishe.

Na msifanye kazi ya grainda injini ikiwa imezimwa. Betri ya gari ya ampea-saa 70 imetengenezwa kupiga stata, mshindo mkubwa wa muda mfupi. Ukiikamua mpaka nusu kila siku, haimalizi mwaka ikiwa na nguvu zake. Mwenye kazi ya kudumu aweke betri ya pili ya aina ya sola, ile ya kuvumilia kukamuliwa, na relei inayosikiliza volti katikati. Relei hiyo inaunganisha betri mbili alteneta inapochaji, volti zikifika kama 13.3, na inazitenganisha zikishuka kwenye 12.8. Hivyo betri ya stata inabaki salama hata ukisahau friji inawaka usiku kucha.

Fyuzi. Nimeona gari lina inveta nzuri, kebo nzuri, halafu hakuna fyuzi, au fyuzi iko kule chini ya siti. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo inakaa pale waya unapoanzia, kwenye betri, ndani ya kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo ya chanya. Ikikaa mwisho, mita 3 zote hizo hazina ulinzi. Waya ukisuguliwa na chuma cha bodi, plastiki ikatoboka, betri inamwaga mamia ya ampea pale pale na moto unaanzia kwenye zulia. Hapa nimeweka fyuzi ya bapa ya ampea 150, na kila tundu la bodi ambamo kebo inapita nimevalisha raba. Kebo imeingizwa kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, imefungwa mbali na ekzosi. Hasi nimeirudisha mbele kwa kebo yake, sikuitegemea bodi, kwa sababu kwenye bodi kuna rangi, kutu na bolti zilizolegea. Ila kama gari lako ni jipya na lina kifaa cha kupimia kwenye nguzo ya hasi, funga upande wa chasisi wa kile kifaa, siyo juu ya nguzo.

Tuje nyuma sasa. Soketi ya pini tatu iko hapa juu, ukutani mwa bodi upande wa kebini, siyo sakafuni ambako mchanga na maji vinakusanyika. Ni soketi ya nje yenye kifuniko cha IP66, 6 ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Chagueni yenye kifuniko kirefu, kinachofunga hata plagi ikiwa ndani. Zile fupi zinazuia maji pale tu hutumii, na wewe unaihitaji zaidi ukiwa unaitumia. Nafungua hii ya zamani niliyoitoa, haikuwa na raba ya pembeni: tazameni vumbi jekundu la barabarani lilivyolala kwenye vishikio, mpaka shaba imegeuka rangi. Hapo ndipo plagi inapoanza kupata joto.

Suala la kupigwa na umeme linanigusa sana, nisikilizeni kwa makini. Volti 230 ya inveta inaua kama ya nyumbani. Watu wanafunga RCD ya miliampea 30, ile swichi inayokata umeme ukivujia ardhini au kwa mtu, pale nyuma na kujiona wako salama. Inveta nyingi ndogo pato lake linaelea, nyutro haijaungana na ardhi, na katika hali hiyo RCD inaweza isikate kabisa mtu anaposhika waya. Soma kitabu cha inveta yako. Kama kinaruhusu nyutro iunganishwe na ardhi, iunganishwe kama kinavyoelekeza, ndipo RCD ifanye kazi yake. Kama hakiruhusu, usilazimishe, utaiua. Na ardhi ya soketi, ya inveta na ya bodi la gari ziwe zimeungana kwa waya. Hii kazi mpe fundi umeme anayeelewa ninachosema hapa. Akikuangalia tu, tafuta mwingine.

Njia ya volti 12 ni fupi, na kwa wengi wenu inatosha. Friji za gari zenye kompresa na pampu za tairi zinakula volti 12 moja kwa moja, hazihitaji inveta. Lile tundu la kiberiti silipendi kwa kazi hii. Ni la ampea 10 mpaka 15, plagi inashikiliwa na springi tu, gari likitikisika inalegea na kuchoma plastiki. Nimefunga plagi ya Anderson SB50, ya ampea 50, pande zote mbili zinafanana na zinang'ang'aniana kweli. Waya wa milimita 10, fyuzi ya ampea 40 kwenye betri. Pampu ya ampea 30 inapoteza nusu volti tu hadi hapa nyuma.

Mtaniuliza kuhusu Ford F-150 za Marekani, baadhi zina soketi za kiwandani za kilowati 7.2. Ni kweli, tangu toleo la 2021. Hiyo ya 7.2 ni haibridi, ina betri kubwa ya kuendeshea gari na mota inayozalisha umeme. Alteneta ya Hilux haiwezi kufika huko kwa inveta yoyote. Halafu soketi zake karibu zote ni za volti 120, hetsi 60, na hiyo ya 7.2 ina moja ya volti 240 yenye tundu la Kimarekani. Grainda yako ya 230 haitafanya kazi inavyotakiwa kwenye zile za 120. Toyota Tacoma za mpaka toleo la 2023 nazo, baadhi zilikuwa na soketi ya 120 bodini, wati 400, ya kutosha kuchaji laptopu na betri za drili.

Siku ya kuchukua gari kwa fundi, nenda na grainda yako. Iwashe, ikate chuma dakika mbili mfululizo. Fundi apime volti kwenye nguzo za betri, kisha kwenye nguzo za inveta, grainda ikiwa inazunguka. Halafu wewe mwenyewe pitisha mkono juu ya kila lagi na kwenye kishikio cha fyuzi. Tofauti ikizidi nusu volti, au ukikuta mahali pa moto ambapo mkono haukai, kazi haijaisha na hela ya mwisho usiitoe.