TetraMin: chukua kopo dogo, hata kama kubwa lina nafuu

Kwa gapi, moli na samaki wengine wadogo wa tangi la nyumbani, TetraMin ni chakula kizuri. Vipande vyake vyembamba huelea kwanza, kisha huzama taratibu, hivyo hata samaki wa katikati ya maji hupata.

Shida huanza kopo likifunguliwa. Tarehe iliyochapishwa ni ya kopo lililozibwa. Hewa ikishaingia, vitamini C hupotea mapema, na samaki wengi hawawezi kuitengeneza mwilini. Wakiikosa kwa muda mrefu, uti wa mgongo hupinda. Mafuta nayo huchacha na kuumiza ini. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa limalizwe ndani ya miezi mitatu hivi. Lililopita tarehe kidogo likiwa bado limezibwa kwa kawaida halidhuru, ila lishe imepungua.

Mwambao wa Mombasa au Dar es Salaam, adui mkubwa ni unyevu. Vipande vikishikana, vikinuka uvundo au kuota ukungu, tupa kopo zima. Usichambue: sumu ya kuvu haionekani, na kuanika juani hakuiondoi.

Ukinunua kopo kubwa, gawa siku hiyohiyo: cha wiki mbili kibaki nje mahali pakavu, kingine kwenye friza ndani ya vyombo visivyopitisha hewa. Ukitoa chombo, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo umande utaingia. Chota kwa vidole vikavu.