SUV ya umeme Dar es Salaam: hela yangu ya matengenezo imeenda wapi

Kila anayenikuta nachaji huuliza swali lile lile: betri ikifa utafanyaje? Betri kubwa haijawahi kunisumbua, na mota vilevile. Gari langu ni SUV ya Kichina, nililichukua likiwa jipya, usukani kulia, betri ya kWh (yaani uniti) 60 hivi, na sasa niko nalo mwaka wa pili. Jina la kampuni naliacha kwa sababu mengi nitakayoeleza yanayakuta magari ya umeme ya kila aina. Hela yangu imeishia kwenye vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Cha kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Ndiyo, gari la umeme nalo lina betri ndogo kama ya Toyota yoyote, na hiyo ndiyo inayowasha kompyuta na kuwasha swichi zinazounganisha betri kubwa na mota. Ikiisha nguvu, gari lina chaji asilimia 80 na haliendi popote. Langu liligoma asubuhi ya Jumatatu baada ya kulala getini wikiendi nzima. Vitasa vimezama mlangoni, rimoti haiitiki. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma umefichwa. Nikafungulia huo, ndani giza tupu, tukabusti, yaani tukaazima umeme wa betri ya gari la jirani, dashibodi ikawaka taa zote kwa mkupuo kama ubao wa kamari. Kisa chake ni kamera ya ulinzi inayorekodi gari likiwa limepaki, pamoja na laini ya simu iliyomo ndani ya gari ambayo haiachi kuwasiliana na seva ya kiwandani. Wakala wa kampuni iliyotengeneza gari alitaka shilingi 780,000 kwa betri mpya. Kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani nikapata ya vipimo vilevile na aina ileile kwa 260,000. Aina ni muhimu: kama yako imetoka na ya lithiamu, usiibadilishe kwa ya asidi kwa sababu tu ni rahisi, maana gari huichaji kwa namna yake.

Na hili si la Wachina peke yao. Mwaka 2024 Hyundai na Kia ziliita magari ya umeme zaidi ya 200,000 kurudi gereji huko Marekani kwa sababu ya kile kifaa kinachochaji betri ndogo.

Sasa kiyoyozi, na hapa naomba unisome polepole. Jiwe lilitoboa kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, kwenye barabara yetu ya vumbi huku Mbweni, gesi ikaisha. Kwa joto la Dar mtu anakimbilia kwa fundi wa AC wa karibu, na fundi wangu ni mzuri kweli kwa magari ya kawaida. Kondensa alipata, akaibadilisha, 420,000 na ufundi humohumo. Alipochukua kichupa cha oili ya compressor (pampu inayosukuma gesi ya AC) ili aongeze, nikamzuia. Compressor ya gari la umeme haizungushwi na mkanda wa injini. Ina mota yake ndani, inayotumia umeme mkubwa kutoka betri kuu kupitia zile nyaya za rangi ya chungwa. Oili inazunguka humohumo kwenye mota. Ile ya kawaida, wanaiita PAG, inapitisha umeme. Inayotakiwa ni POE, isiyopitisha. Kiasi kidogo tu cha PAG kikiingia, kompyuta itaona umeme unavuja na inaweza kulizima gari zima. Tena compressor hiyo ndiyo inayopoza betri kubwa, kwa hiyo usidhani utavumilia joto na kufungua vioo mpaka mwisho wa mwezi. Compressor mpya niliulizia: milioni 3.8, bado usafirishaji. Fundi alinisikiliza, akatafuta POE kwa mtu wa friji, na mashine ya kujazia gesi tukaisafisha kwanza, maana hata mipira yake huwa na mabaki ya oili ya magari mengine.

Kuchaji nyumbani kulinipa taabu ya namna nyingine. Chaja ya ukutani ilikuwa inafanya kazi vizuri masika yote, kiangazi kikaanza inawaka taa nyekundu na kugoma. Wakala wakasema tatizo ni la gari. Fundi umeme alipopima ethi ya nyumba, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, akacheka: kwetu ni mchanga wa pwani, ukikauka ethi inakuwa jina tu. Pasi na friji hazikujali kwa sababu hazipimi, ila chaja ya gari hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na isiporidhika haichaji. Tulichimbia fimbo nyingine za shaba, ndefu zaidi, tukaziunganisha, na papo hapo nikaweka kifaa cha kukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi. Vyote 650,000. Hicho kifaa hata kama ethi yako ni nzuri usikiache, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika huja na nguvu zake, na chaja iliyomo ndani ya gari niliambiwa ni milioni 6.5.

Upande wa chini sina malalamiko makubwa. Gari ni zito, matuta yetu unayajua, bushi na stabiliza linki, vile viungo vidogo vya mfumo wa springi, zimekwenda mapema. Fundi yeyote anazifunga, 180,000. Tairi zinalika haraka kuliko za gari langu la zamani, moja ni 390,000. Brek pedi bado ni zile za kiwandani kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Wanaokaa karibu na bahari wakanyage breki kwa nguvu mara mojamoja, la sivyo diski zinashika kutu. Na ukienda kuziba pancha, simama hapohapo. Vijana wa tairi huchomeka jeki popote palipo bapa, na palipo bapa chini ya gari hili ni betri.

Kilichonichosha kuliko bei zote ni kungoja. Bodaboda aligusa kona ya mbele, bampa likapasuka na taa moja. Bampa lilinyooshwa na kupigwa rangi mtaani kwa 250,000, safi kabisa. Taa ya LED haifunguliwi kutengenezwa, unanunua nzima: milioni 2.4. Wakala hakuwa nayo, akasema inakuja kwa meli. Nikamtumia mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou, akaileta kwa ndege kwa milioni 1.7, ikafungwa, haikuwaka. Ilikuwa inangoja kutambulishwa kwenye kompyuta ya gari, na mashine ya kufanya hivyo anayo wakala peke yake. Akanitoza 300,000 kwa kazi niliyoiona kwa macho yangu: kuchomeka waya, kubonyeza mara chache, kuchomoa. Kwangu hii ndiyo kasoro kubwa ya gari hili, na haimo kwenye gari lenyewe.

Je, nimepata hasara? Hapana. Uniti ya umeme wa nyumbani ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, na kilomita 100 zinanilia uniti 20 ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji, yaani 7,000 na ushee. SUV ya petroli ya ukubwa huu, kwa bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, haikupeleki umbali huo kwa chini ya 25,000. Oili ya injini sinunui, plagi sinunui. Kwa mtu anayekwenda mjini na kurudi kila siku, hesabu inalipa hata ukiweka ile taa. Kwa mtu wa Songea au Kigoma, ambako wakala hayupo na gari likigoma linapandishwa lori, ningemwambia asubiri kwanza.

Kama unanunua, ulizia bima kabla hujalipa gari. Yangu ya mwanzo ilikuwa kubwa, lakini haikusema lolote kuhusu betri kugongwa kwa chini na jiwe au tuta, na waranti ya kiwandani hailipi cha kugongwa. Niliwaomba waliandike waziwazi kwenye mkataba. Walisuasua, wakaongeza kidogo kwenye malipo ya mwaka, wakaandika.