Masoko ya majini Thailand: Damnoen Saduak nyota mbili, Amphawa nne

Sisi tunaofuata mzigo wa nguo Pratunam, Bangkok, mara nyingi tunaijua Thailand ya madukani tu. Safari hii mzigo ulichelewa kufungwa, wikiendi ikawa yetu, mimi na shoga yangu wa Mombasa tukaona twende tukayatazame masoko ya majini.

Jumamosi asubuhi tulianzia Damnoen Saduak, mkoa wa Ratchaburi, kama kilomita 100 kutoka Bangkok. Ndilo soko la kwenye picha zote, akina mama wenye kofia pana za majani na mitumbwi iliyosheheni maembe na mabalungi. Mfereji wake ulichimbwa kwa amri ya mfalme Mongkut ukakamilika mwaka 1868, kilomita 32 za kuunganisha mto Mae Klong na mto Tha Chin, na wakulima wakapitishia mazao humo. Leo utakuta zaidi fulana, tembo wa mbao na mtu mwenye nyoka wa kukuvisha shingoni upige naye picha, kwa malipo.

Dereva tuliyemkodi hakutufikisha sokoni. Alitushusha kwenye gati la watu binafsi, tukatajiwa baht 2,000 kwa boti moja, naye huyo akajisogeza pembeni kuchezea simu. Shoga yangu kajifunzia kupatana bei Kongowea. Aligeuka akaanza kuondoka, wakamwita, ikashuka hadi nusu. Lakini hata hiyo si lazima. Ukifika sokoni kwenyewe unatembea ukingoni bure, na muuzaji anakufikishia chakula kwa kikapu cha mpini mrefu. Wahi saa moja. Ikishagonga saa nne boti zinabanana, injini zinanguruma na moshi unakuingia puani.

Nyota mbili nilizotoa ni za mama mmoja wa khanom khrok. Hivi ni vitumbua, jamani! Chuma chenye vishimo, jiko la mkaa katikati ya mtumbwi, unga wa mchele na tui. Ila wao hawavigeuzi. Wanamimina uji wa mchele kwanza, juu yake tui zito lenye sukari na chumvi kidogo, wanafunika. Kikiiva anakichokoa kwa kijiko: chini kimekauka kinalia mdomoni, juu tui bado linatikisika. Wengine wananyunyizia majani ya kitunguu. Nilinuna, nikaonja, nikaagiza tena.

Mchana tukahamia Amphawa, mkoa jirani wa Samut Songkhram, na huko ndiko ningekupeleka. Soko linachangamka Ijumaa hadi Jumapili, kuanzia alasiri mpaka usiku, na wateja wengi ni Wathai wenyewe waliokuja kula. Kamba, ngisi na chaza wanachomwa kwenye mitumbwi iliyofungwa kandokando; wewe unakaa kwenye ngazi za mfereji na meza yako ndogo, sahani inapandishwa kutoka majini. Ile pilipili ya ndimu wanayokupa na ngisi ni kali kwelikweli, na sisi wapenda pilipili tulinyamaza.

Giza likiingia kuna boti za kwenda kuwaona vimulimuli kwenye miti ya mtoni. Nauli ya kuchangia ni ndogo. Wengine walisifu sana; mimi niliona miti miwili mitatu iliyomeremeta na mbu wengi, kwa hiyo usiende kwa ajili hiyo tu.

Kwa Waislamu: tambi za botini zenye supu nyeusi mara nyingi hutiwa damu ya nguruwe au ya ng'ombe, na nyama ya nguruwe iko kila kona. Vyakula vya baharini navyo uliza vimechomwa wapi. Ukienda kwa vani za abiria, ulizia gari la mwisho la kurudi Bangkok kabla hujapanda boti ya vimulimuli, maana teksi ya usiku kutoka kule itakula faida ya mzigo.