Nililipia kutembezwa na ngoma za candombe Montevideo, uzoefu wangu

Naandika kwa yeyote mwenye safari ya Uruguay maana mimi nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa. Nilikuwa Buenos Aires kikazi mwezi wa 7, Jumamosi nikapanda boti kuvuka mto Río de la Plata, Jumapili jioni nikawa nishabuku matembezi ya candombe, yaani ngoma za Wauruguay wenye asili ya Afrika, pale mtaa wa Barrio Sur, Montevideo.

Nianze na kero. Kampuni iliyoniuzia ilisema saa 12 kamili, tukasimama kwenye kona ya barabara ya Isla de Flores karibu saa nzima, ngoma hakuna, meseji hawajibu, na kile kibaridi cha mtoni kinaingia mpaka kwenye mifupa. Wangeandika tu kwamba ngoma zinaanza zikishapata moto, nisingelalamika.

Na moto ni moto kweli. Vijana walikusanya maboksi na mbao pembeni ya barabara wakawasha, ngoma wakazipanga kuzunguka mwali ngozi zikiuangalia, kila baada ya muda mtu anainua yake anaigonga kidogo anasikiliza anairudisha. Mimi mtu wa Mtwara, nimekua naona wazee wanapasha ngoma hivyohivyo kwa majani makavu, machozi yalinilenga siwafichi. Ngoma zenyewe ni tatu, chico, repique na piano. Chico ndo chapuo, kadogo kana sauti kali, kanashika mwendo hakauachii, piano ni vumi kabisa inakupiga tumboni, halafu repique ndo msemaji, anaita wenzie wanaitika. Zote zinaning'inizwa begani kwa mkanda, mkono mmoja mtupu mwingine umeshika fimbo, na kabla hawajaondoka wote wanagonga fimbo ubavuni kwenye mbao mpaka mwendo ukae sawa.

Aliyetutembeza ni mama mmoja mzaliwa wa mtaa, na kwa huyu mama nasema hela yangu imerudi yote. Alitueleza kuhusu Mediomundo, nyumba namba 1080 barabara ya Cuareim, familia kibao zinaishi kuzunguka ua mmoja na ngoma zinatokea humo, mpaka Desemba 1978 serikali ya kijeshi ikawatoa watu na nyumba ikavunjwa. Tarehe 3 Desemba sasa ni siku ya candombe kwa sheria ya 2006, na lipo kundi la ngoma linaitwa Cuareim 1080 mpaka leo, yaani nyumba haipo ila namba yake inatembea barabarani na ngoma. UNESCO waliiingiza candombe kwenye orodha yao 2009. Akasema mababu zao walishushwa kama watumwa bandarini hapo Montevideo, wengine wametokea Kongo na Angola, wengine Msumbiji. Nikamwambia mama, kwetu Msumbiji ni kuvuka Ruvuma tu. Akanishika mkono, hakuniachia mpaka ngoma zilipoondoka.

Ushauri wangu. Februari kuna Llamadas, gwaride kubwa la mavazi, hilo sijaliona, ila Jumapili ya kawaida kama hii hamna viti wala tiketi, unatembea nyuma ya ngoma na watu wa mtaa, wengine wana termosi kwapani, ya maji moto ya kile kinywaji chao cha majani kinachoitwa mate, na mtoto mabegani. Vaa koti zito. Asubuhi pita soko la Tristán Narvaja, ni Jumapili tu, na kula chivito mapema maana huo mkate una nyama, hemu, jibini na yai, mimi ulinishinda. Ukiwa na shida ya hela ngoma utaziona bure, ila bila yule mama mimi ningeona kelele na moto basi.

Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya kampuni. Nenda karibu na wapiga piano, mbele yangu alikuwepo kijana vidole amevifunga plasta nyeupe, tulipofika mtaa wa nne plasta imeshaloa damu na ngozi ya ngoma ina doa jekundu pale mkono unapoangukia, na hakupunguza.