Tathmini ya CN 23, fomu ya forodha inayosafiri na kifurushi chako

Watu wanaposifu au kulaumu huduma ya kutuma vifurushi nje ya nchi, kwa kawaida huzungumzia gharama, kasi na ukarimu wa karani wa kaunta. Mimi nimeona ni haki zaidi kuitathmini karatasi yenyewe, yaani fomu ya CN 23, kwa kuwa ndiyo itakayosimama mbele ya ofisa wa forodha wa Frankfurt au New York wakati mtumaji na karani wake wamekwisha kwenda zao. Nimeitumia kwa miaka kadhaa kutuma zawadi na bidhaa ndogondogo kutoka Dar es Salaam kwa ndugu na wateja walioko Ulaya na Marekani, na maoni yangu ni kwamba fomu hii ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Tatizo lake kubwa ni kwamba wengi, wakiwemo wanaolipwa kuijaza, hawaisomi.

Haikutungwa na Posta yetu wala na TRA. Inatoka Umoja wa Posta Duniani, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1874 na yenye makao yake Bern, Uswisi, ndiyo maana karatasi unayopewa Posta Mpya inafanana na anayopewa mtumaji wa Nairobi au Tokyo. Ina mdogo wake, CN 22, kibandiko kinachotosha pakiti ndogo ambayo thamani yake haizidi SDR 300, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Vifurushi vikubwa hudai CN 23. Maelezo yake hujazwa kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubalika huko mzigo unakokwenda, na kwa bibi wa Tandika anayemtumia mjukuu wake vitenge hilo ni kero halisi. Naipunguzia alama kwa sababu hiyo, maana hata mwongozo mfupi wa Kiswahili uliobandikwa ukutani ungewapunguzia wengi foleni ya kumwomba karani awaandikie.

Uzito wote wa fomu uko kwenye jedwali la vilivyomo. Tuchukue kifurushi cha kawaida kabisa: nusu kilo ya kahawa ya Kagera iliyokaangwa, vitenge viwili, gramu 200 za karafuu za Pemba na kinyago kidogo cha mpingo. Kila kimoja kinadai mstari wake, chenye jina linaloeleweka, idadi, uzito bila vifungashio, thamani pamoja na sarafu yake, namba ya HS na nchi kilikotengenezwa. Namba ya HS ndiyo huwatisha watu, lakini inatoka kwenye orodha ya Shirika la Forodha Duniani ya kuainisha bidhaa, ambayo tarakimu zake 6 za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia mfumo huo: kahawa ya kukaanga ambayo haikuondolewa kafeini ni 0901.21, karafuu nzima ambazo hazijasagwa ni 0907.10, na vinyago vya mbao viko chini ya 4420. Vitenge vina mtego. Kama ni pamba tupu, vitakuwa katika sura ya 52. Kama ni poliesta, sura hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kumuuliza muuzaji kabla ya kuondoka dukani. Mtego wa pili ni safu ya nchi. Kitenge kilichofumwa China hubaki cha China hata kama umekinunua Kariakoo na kukilipia kwa shilingi, na kukiandikia Tanzania ni kutoa taarifa isiyo ya kweli kwenye hati utakayoitia sahihi.

Ndipo unapofika kwenye visanduku vya aina ya mzigo: zawadi, nyaraka, sampuli ya biashara, mauzo, bidhaa zinazorudishwa na kadhalika. Hapa ndipo wengi hujidanganya kwa kuweka alama kwenye zawadi na kuamini kwamba ushuru umekwisha. Zawadi ina masharti: itoke kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, isiwe imelipiwa na mpokeaji, itumwe mara mojamoja, na isizidi kiwango cha nchi husika. Umoja wa Ulaya unaruhusu euro 45, Uingereza pauni 39. Ujerumani, ndani ya hizo euro 45, kahawa nayo ina kikomo chake cha gramu 500; ukizidisha, mpokeaji hudaiwa pamoja na mengine kodi ya kahawa, ambayo kwa iliyokaangwa ni euro 2.19 kwa kilo. Ndiyo maana nimetaja nusu kilo hapo juu. Bidhaa aliyokulipa mteja kwa M-Pesa haigeuki zawadi kwa alama ya kalamu, na kuandika thamani ya uongo humgeukia mtumaji siku mzigo unapopotea, kwa sababu hawezi kudai fidia ya laki mbili kwa kitu alichokitamka kuwa cha elfu ishirini.

Hapa nieleze yaliyonikuta kwa wakala mmoja wa kusafirisha vifurushi, ambaye sitamtaja. Nilimpa orodha kamili, yeye akaifupisha kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vitu binafsi, akajumlisha thamani yote kwenye mstari mmoja, na nafasi ya namba za HS akaiacha tupu. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote. Mzigo ulizuiwa na forodha ya huko ulikokwenda, mpokeaji akaandikiwa barua ya kutakiwa kuleta ankara ambayo haikuwapo, na hatimaye ukarudi ukiwa na mkanda mpya wa gundi juu ya ule wa zamani. Wakala hakurudisha hata senti, akisema kazi yake ilikuwa kusafirisha na si kumalizana na forodha. Maelezo ya jumla ya namna ile yamo katika orodha ya maneno ambayo Umoja wa Ulaya umekwisha kutangaza kuwa hayakubaliki, kwa hiyo kifurushi kile kilikuwa na kasoro kabla hakijapanda ndege.

Na kweli siku hizi hukumu huanza kabla ya ndege. Tangu tarehe 15 Machi 2021 Umoja wa Ulaya unataka taarifa za mizigo ya posta inayoingia kwa ndege zitumwe kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujapakiwa, na Marekani ilipitisha sheria yake ya jambo hilohilo mwaka 2018. Maana yake ni kwamba fomu uliyoijaza kwa kalamu lazima karani aiingize kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, weka namba ya simu na barua pepe ya mpokeaji, na umwombe karani akuonyeshe alichoingiza. Mzigo wenyewe uende nao bila kuuziba, ukiwa na mkasi na gundi mfukoni, ili ofisa akitaka kuuangalia usilazimike kuuchana mbele ya watu.

Sehemu ya vyeti na vibali ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa fomu inakuuliza namba ya cheti bila kukuambia kama unakihitaji. Kwa Umoja wa Ulaya, matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, kwa hiyo embe la Muheza haliendi hivihivi. Nyama na bidhaa za maziwa haziruhusiwi katika vifurushi vya watu binafsi, na samli imo humo, jambo ambalo huwauma wazazi wengi. Asali inakubalika hadi kilo 2. Kinyago cha mpingo ni habari yenye nafuu zaidi. Mpingo, kama sehemu kubwa ya jamii yake ya Dalbergia, uliwekwa mwaka 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini marekebisho ya mwaka 2019 yaliacha nje bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena. Makombe ya chaza wakubwa (giant clam) na matumbawe mengi hayana msamaha huo. Manukato yenye spiriti na pawabenki hata usiyapeleke kaunta, kwani hukataliwa kwa sababu ya usalama wa ndege na si ya ushuru.

Kwa upande wa Marekani, ilikoma kupokea mizigo ya chini ya dola 800 bila ushuru tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kwa muda huduma ya vifurushi kwenda huko kwa kukosa njia ya kukusanya ushuru huo mapema. Agizo lile liliacha zawadi za kweli zisizozidi dola 100. Kanuni za huko zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo kabla ya kununua boksi uliza kaunta kama vifurushi vya aina yako vinapokewa siku hiyo na nani atalipa ushuru.

Kampuni binafsi za usafirishaji hazitumii CN 23. Hutumia ankara ya biashara, hushughulikia forodha zenyewe na kumtoza mpokeaji ada ya kazi hiyo. Kwa hati za haraka au sampuli ya mteja mkubwa ningekwenda kwao. Kwa kahawa, vitenge na karafuu, nabaki na Posta na fomu yake, nikiipa alama 7 kati ya 10.

Jambo la mwisho limo kwenye CP 72, seti ya karatasi za vifurushi ambayo CN 23 huwa sehemu yake, na watu huliruka kwa haraka ya kuondoka: maagizo ya nini kifanyike mzigo usipomfikia mlengwa. Unaweza kuchagua urudishwe au uachwe hukohuko. Kurudisha kunaweza kukugharimu, na gharama hiyo hudaiwa siku unapokwenda kuuchukua. Kwa kinyago alichochonga mjomba nitachagua urudishwe. Kwa vitenge viwili na karafuu, alama yangu huwekwa kwenye kisanduku cha kuachwa.