Press Start 2P kwenye mabango ya gemu: uzoefu wangu na fonti ya pikseli kwa maneno ya Kiswahili

Naitumia Press Start 2P kwa mabango ya mashindano ya gemu hapa Tanga, mengi yakiwa ya vibanda vya Ngamiani, na kwa picha za jalada za video za mashabiki. Inapatikana bure Google Fonts. Aliyeitengeneza anajulikana kwa jina la CodeMan38, na amefuata herufi za gemu za Namco za miaka ya 1980, zile za mashine za kutumbukiza sarafu. Naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa sura sijaona inayoizidi: mtu akiitupia jicho tu anajua hapa pana gemu, hata kabla hajasoma neno. Nyota moja naikata kwa sababu herufi zake ni pana, nasi maneno yetu ni marefu.

Kila kitu kwenye fonti hii kinaanzia namba 8. Kila herufi imechorwa ndani ya mraba wa pikseli 8 kwa 8, na iwe I au M, inachukua mraba mzima. Kwa hiyo saizi zake halali ni 8, 16, 24, 32 na kuendelea hivyohivyo. Ukiweka 30, kila kijiraba cha herufi (yaani kimoja kati ya vile 8 kwa 8 vinavyoiunda) kinatakiwa kuwa na pikseli 3.75 za skrini. Skrini haina robo tatu ya pikseli, basi programu inajaza kijivu pembeni na herufi inatoka na ukungu. Wengi huilaumu fonti hapo, kumbe kosa ni la saizi. Kwenye programu ya picha ya GIMP pima kwa pikseli, usipime kwa pointi, kisha ondoa tiki kwenye Antialiasing, ile inayolainisha kingo za herufi. Kwenye Photopea, programu nyingine ya picha, badilisha sehemu hiyo iwe None. Angalia pia msongamano wa picha, yaani pikseli kwa kila inchi: pointi 16 kwenye faili la 72 ni pikseli 16, lakini kwenye faili la 300 ni pikseli 66.67, na hapo ukungu unarudi.

Hesabu ya upana ifanye kabla hujachagua maneno. Picha ya jalada ya YouTube ni 1280 kwa 720. Ukiacha pikseli 40 kila upande unabaki na 1200. Kwa saizi ya 96 zinaingia herufi 12 tu, nafasi zikiwemo. NUSU FAINALI ni 12 kamili, inakaa. KINYANG'ANYIRO ni 14, haikai. Itabidi ushuke hadi 80, upate upana wa 1120. Ndiyo maana kichwa cha bango napenda kiwe KOMBE au LIGI, na maneno marefu nayashusha chini kwa fonti nyingine. Kona ya chini kulia usiweke kitu, YouTube huiwekea muda wa video.

Sasa ritifaa, yaani alama ya ', jambo ambalo maelekezo ya Kiingereza hayaligusi kwa sababu haliwaumi wao. Kwa kuwa kila alama inapewa mraba mzima, ritifaa ya ng' nayo inachukua nafasi sawa na herufi. KINYANG'ANYIRO inasomeka kama maneno mawili, KINYANG na ANYIRO, katikati pana pengo. Dawa yake ni kupunguza nafasi kati ya herufi mahali hapo tu, pande zote mbili za ritifaa, ila kwa hatua za kijiraba kizima. Kwa saizi ya 80 kijiraba ni pikseli 10, basi rudisha nyuma 10 au 20, usirudishe 15, maana herufi zinazofuata zitatoka kwenye gridi. Na ritifaa iwe ile iliyonyooka. Baadhi ya simu huibadilisha zenyewe kuwa ya mkunjo, na fonti ikiwa haina alama hiyo, programu inaazima kwenye fonti nyingine. Utaona kidoti laini katikati ya herufi za mraba, na bango zima linaharibika kwa ajili yake.

Mstari wa kuzunguka herufi usiuchore kwa zana ya kawaida ya programu, inaviringisha kona. Nakili leya ya maandishi mara 8, zipake nyeusi, kisha zisogeze kijiraba kimoja kila upande: juu, chini, kushoto, kulia na kona nne. Kivuli nacho kisogee kijiraba kimoja kulia na kimoja chini, bila kufifishwa. Kivuli cha ukungu chini ya herufi za pikseli kinaua ladha yote.

Ukitaka njia nyepesi, tengeneza picha ndogo ya 128 kwa 72, andika kwa saizi ya 8, kisha ikuze mara 10. Kwenye GIMP, sehemu ya Interpolation chagua None. Unapata 1280 kwa 720, kila kitu kimekaa kwenye gridi bila kupima. Inaingia mistari 9 ya herufi 16, nayo inatosha.

Hifadhi kwa PNG. JPG inaweka vumbi pembeni mwa kila herufi. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti ili isibanwe.

Kwa kuchapa A4 natumia njia hiyohiyo: picha ndogo ya 310 kwa 438, nakuza mara 8, inakuwa 2480 kwa 3504, pungufu ya pikseli 4 tu kwa karatasi ya pikseli 300 kwa inchi. Steshenari usipeleke faili lenye maandishi ya kuhaririwa. Kompyuta yao isipokuwa na fonti hii itaweka nyingine, nawe utagundua karatasi zikiwa zimeshatoka.

Mahali ambapo fonti hii inashinda kabisa ni msimamo wa ligi. Tarakimu zina upana mmoja, kwa hiyo safu za mechi, magoli na pointi zinasimama wima zenyewe. Kwa majina ya wachezaji na kanuni ndefu natumia VT323, fonti nyingine ya pikseli, kwa saizi za 16, 32 au 48. Ni nyembamba na herufi zake ndogo zinasomeka vizuri. Fonti ya pikseli ya Silkscreen ya Jason Kottke, ya mwaka 1999, ni nzuri kwa maneno yenye ng', kwa sababu haizipi alama zote upana sawa, lakini haina herufi ndogo za kweli, zote zinatoka kubwa.

Leseni ya Press Start 2P ni SIL Open Font License. Unaruhusiwa kuitumia kwenye bango la biashara, fulana za kuuza, hata kuibadilisha. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Hilo lina uzito, maana fonti nyingi za majina ya gemu zinazopatikana kwenye tovuti ya DaFont zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi. Kibanda kinachotoza kiingilio si matumizi binafsi. Pia leseni ya fonti haikupi nembo ya gemu: fonti ya Pricedown ya Ray Larabie inajulikana kwa nembo ya Grand Theft Auto, na ukiipanga kama nembo ile, watu watadhani mashindano yako yameandaliwa na wenye gemu. Iandikie jina la mtaa wako, kwa rangi zako.